Baraza la Langoni: shajara ya kusimika ubao wa matangazo wa kompyuta, Lamu

4 Januari 2025: Lengo, programu, vifaa

Nyumba yetu iko Langoni, na mbele yake pana baraza mbili za mawe, moja kila upande wa mlango. Habari za mtaa hupitia hapo: boti ipi inakwenda Faza, nani anauza mashine ya kushona, nani kafiwa. Anayepita baada ya watu kwenda kulala hukuta mawe matupu. Nataka ubao utakaobaki pale watu wakiondoka, unaosomeka kwa simu bila bando, na ambao msomaji anaweza kuujibu.

Njia niliyoichagua ni kongwe. Januari 1978, theluji ilipowafungia watu ndani Chicago, Ward Christensen na Randy Suess walianza kuunda CBBS, ubao wa matangazo unaopigiwa kwa simu, na tarehe 16 Februari mwaka huo ukafunguliwa. Laini ilikuwa moja. Mtu aliingia, akasoma, akaandika, akatoka, ndipo wa pili aingie. Modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ya biti 300 kwa sekunde huleta herufi 30 hivi kila sekunde, kwa hiyo ukurasa wa herufi 1,000 hujaa baada ya zaidi ya nusu dakika. Programu za ukoo huu zilizaliwa katika uhaba, na ndiyo maana nazipenda: kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki inaziendesha bila kuhema, na hazidai intaneti hata chembe.

Nimejaribu tatu. Mystic ni nyepesi na nzuri, lakini msimbo wake haukuwekwa wazi. ENiGMA½ ni ya kisasa, imeandikwa kwa JavaScript juu ya Node.js. Nimeshika Synchronet, ambayo Rob Swindell ameishughulikia tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Msimbo wake uko wazi, inabeba ujumbe na mafaili, na kubwa kwangu, maneno karibu yote anayoyaona mtumiaji yamewekwa katika faili moja, `text.dat`. Faili hilo ndilo litakaloniwezesha kuufanya ubao useme Kiswahili.

Nimenunua ile kompyuta ndogo, Raspberry Pi 3B+ ya mtumba, kwa KSh 6,500, memori kadi 950, rauta iliyotumika 2,500. Bando la kupakulia msimbo, 1,000.

7 Januari: Imewaka

Kusimika kwenyewe hakuna hadithi ndefu: Linux safi, mtumiaji maalumu wa programu, kujenga kutoka kwenye msimbo, kisha kupanga mambo kwa `scfg`, programu ya mipangilio ya Synchronet. Mwenye Pi ya gigabaiti 1 kama yangu ajihadhari na jambo moja. Nilijenga kwa kazi nne kwa pamoja ili nimalize mapema, kumbukumbu ikaisha na ujenzi ukakatika katikati. Kazi moja moja, na eneo la kubadilishia kumbukumbu likaongezwa hadi gigabaiti 2, ikamaliza salama usiku ule.

Kosa lililofuata ni la kuacha fomu ya usajili kama ilivyokuja. Inauliza jina kamili, anwani, simu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia. Watu sita wa kwanza niliowaita waliishia njiani wanne. Dada yangu aliniambia wazi: hakuna mwanamke wa mtaa huu atakayeandika simu yake mahali asipojua nani anasoma. Ana haki. Nimeyazima maswali yote, limebaki jina la kuitwa barazani na neno la siri. Nakushauri ulifanye hili kabla hujamwita mtu yeyote.

12 Januari: Ukuta

Kuta za nyumba za kale za Lamu ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kulaza mkono mzima dirishani. Rauta ilikuwa chumbani, mita 4 kutoka barazani. Ndani, waifai ilijaa. Ukitoka mlangoni na kukaa kwenye jiwe lile nililolikusudia, alama zote zilikufa. Nikaongeza nguvu ya mawimbi, nikabadilisha chaneli, nikageuza antena, siku mbili nzima. Haikusaidia. Matumbawe yale hunyonya unyevu wa bahari, na mawimbi ya rauta na maji hayapatani.

Kutoboa ukuta wa mbele sikutaka kufikiria. Mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata kama usingekuwamo, ukuta wa babu yangu sitoboi kwa ajili ya kebo. Nimepandisha rauta juu ya dari, ndani ya boksi la plastiki la fundi umeme (KSh 400), likitazama chini uchochoroni. Kebo mita 25 kwa KSh 60 kila mita, imepita katika tundu la hewa lililokuwapo tangu nyumba ilipojengwa. Sasa baraza zote mbili zinapata, na duka la pili kutoka kwetu pia.

Simu nazo zina tabia yao. Zikiona waifai haina intaneti, hujitoa kimyakimya na kurudi kwenye bando. Ipo mbinu ya kuidanganya simu ione intaneti ipo. Nimeijaribu na nimeiondoa, kwa sababu baada ya hapo kila mtu alidhani WhatsApp itafanya kazi na akaniona mwongo. Nimeandika karatasi na kuibandika mlangoni: simu ikiuliza kama ubaki, kubali.

19 Januari: Ndiyo ambayo ni hapana

Nimeshinda wiki nzima ndani ya `text.dat`. Ukifuata nyayo zangu, jua kwamba alama kama `%s` na `%d` ni nafasi ambazo programu itajaza jina au nambari, na mpangilio wake haubadiliki. Kiingereza kikitaja mtu kwanza na faili baadaye, sentensi yako ya Kiswahili lazima ikubali safu hiyo hiyo. Nilipogeuza mahali pamoja ili isomeke vizuri, programu ilitafuta jina ikakuta nambari, ikaanguka. Kwa hiyo kila sentensi huundwa upya kwa kuzunguka zile nafasi, kama mshona kofia anavyozunguka vitobwe.

Nilidhani nimemaliza. Kisha mama mmoja muuza mahamri akaja kuandika tangazo la oda za harusi. Aliandika mistari kumi na zaidi, kwa kidole kimoja, taratibu. Ubao ukamuuliza kwa Kiswahili changu: *Uhifadhi ujumbe huu?* Akabonyeza N, akaona ukurasa mtupu. Akaandika tena yote. Akabonyeza N tena.

N ni ya *Ndiyo*. Mimi nilitafsiri swali, vitufe nikaviacha Y na N za Kiingereza. Alikuwa akijibu sawasawa, na ubao wangu ulikuwa ukilichana tangazo lake kila mara. Aliinuka akasema, "Haina neno, mwanangu, nitawaambia watu kwa mdomo," na upole wake uliniuma kuliko kama angenikaripia.

Wazo la kwanza lilikuwa N kwa ndiyo na H kwa hapana. Nimelikataa. Vijana waliozoea Kiingereza watabonyeza N wakikusudia kukataa, na kitufe kimoja kitakuwa na maana mbili zinazopingana mtaa mmoja. Herufi N nimeiondoa kabisa katika majibu. Sasa ubao unauliza *Sawa au La*, yaani S na L. Hakuna anayekosea, na *la* ndiyo tunayoisema hapa kila siku. Nilimfuata mama yule kibandani, tukaandika tangazo pamoja. Liko juu mpaka leo.

Wiki hiyohiyo likazuka jingine dogo. Mtu aliandika *ng'ombe* kwa simu, ikatoka ngΓÇÖombe. Kibodi ya simu hugeuza kile kituo cha juu (') kuwa cha kujikunja, ambacho katika UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi, ni baiti tatu, E2, 80 na 99. Skrini inayosoma kwa seti ya zamani ya herufi, CP437, huzionyesha kama herufi tatu, Γ, Ç na Ö. Lugha iliyojaa *ng'* haiwezi kuishi hivyo. Nimeweka hati fupi ya programu (script) inayokinyoosha kituo kabla ujumbe haujahifadhiwa.

24 Januari: Kadi imekufa

Umeme ulikatika mara tatu jioni moja, na mara ya tatu Pi haikuamka. Memori kadi ilikuwa ikiandikwa, mafaili yakavurugika. Nimepoteza ujumbe wa siku tano, kwa kuwa nakala yangu ya mwisho ilikuwa ya siku tano nyuma. Nimehamia diski ya SSD (KSh 3,000, na kebo yake ya USB 600), na nakala sasa inajichukua kila usiku saa tisa. Betri nilisema nitanunua baadaye. (Nimeongeza baadaye: huko kuahirisha ndiko kulikozaa mambo ya tarehe 2 Februari.)

2 Februari: Maji ya juzi

Sehemu ya ubao inayosomwa kuliko zote ni *Maji*. Mimi na mpwa wangu tuliingiza jedwali la kujaa na kupwa la miezi mitatu, yeye akisoma kitabuni na mimi nikichapa, na hati ndogo ya JavaScript hutoa mistari ya siku husika. Saa zinatoka kwa Kiswahili. Jedwali likisema 16:15, ubao husema *saa kumi na robo alasiri*. Hesabu yake ni kuongeza 18 kwenye saa, kugawa kwa 12 na kuchukua kinachobaki. Kikibaki sifuri, ni saa kumi na mbili. Niliona ni lazima, kwa sababu mtu anayeona 02:15 akiwa na haraka husoma saa mbili na robo na kupanga safari yake ya asubuhi juu ya maji ya saa nane usiku.

Ijumaa jioni umeme ulikatika mtaani. Ukarudi leo Jumapili adhuhuri, Pi ikaamka vizuri, nikafurahi kwamba SSD imestahimili. Sikuangalia tarehe. Raspberry Pi 3 haina saa yenye betri ndani yake. Isipopata intaneti huanza kuhesabu kutoka saa ya mwisho iliyoihifadhi. Kwa hiyo ubao wangu ulikuwa bado uko Ijumaa, ukionyesha maji ya Ijumaa chini ya neno *Leo*.

Kijana mmoja wa boti ya fiber alipita akasoma, akapakia abiria na kwenda kukata Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara ambao chombo hakipiti ila maji yakiwa yamejaa. Maji huchelewa karibu dakika 50 kwa siku kwa wastani, na yeye alikuwa na hesabu ya siku mbili nyuma. Alifika maji bado yanapanda. Boti ikakaa juu ya tope, abiria wakakaa juani, mpaka bahari ilipofika ilipopaswa kufika. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila walikuwamo watoto, na mimi ndiye niliyeandika saa ile.

Jioni nahodha mmoja mzee, jirani yetu, alikuja akaketi barazani. Hakunilaumu. Aliomba nimwonyeshe ukurasa wenyewe, akautazama, akauliza:

"Yeo mwezi ngapi?"

Nikamjibu, mwezi tatu.

"Hapa pameandikwa wapi?"

Hapakuandikwa. Kulikuwa na Ijumaa, kulikuwa na 31, vitu ambavyo mtu huvipita bila kuviona. Akaniambia kwamba baharia hatafuti tarehe, hutafuta umri wa mwezi. Umri wa mwezi humwambia kama ni bamvua, maji makubwa, au maji mafu, yaani madogo, na saa huja baada ya hapo. Kama pangeandikwa *mwezi mosi*, yule kijana angejua papo hapo kwamba ubao umepotea, kwa kuwa mwezi aliuona mwenyewe jana usiku.

6 Februari: Mwezi, saa, betri

Nimetengeneza matatu kwa pamoja. Saa ya DS3231 imewekwa kwenye pini za Pi (KSh 450), na mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` umeongezwa katika faili la mipangilio. Angalizo: vibao vingi vya bei nafuu vya saa hii vina njia ya kuchaji betri yake, na betri ya kawaida ya CR2032 haichajiwi. Nimeondoa rezista ya njia hiyo kwa chuma cha kulehemu, ili isichaji tena. Usikiruke kipengele hiki, betri inaweza kuvimba.

Betri ya volti 12 ya saa-ampea 7 (2,200), chaja yake (1,300) na kigeuzi cha kushusha hadi volti 5 (500). Pi, diski na rauta pamoja hula kama wati 8, na betri ya namna hii siipendi ishuke chini ya nusu, kwa hiyo nahesabu saa tano. Inatosha kwa mikatiko mingi. Isipotosha, Pi hujizima kwa utaratibu.

Na mstari wa kwanza wa ukurasa wa *Maji* sasa ni umri wa mwezi, ukifuatwa na neno *bamvua* au *maji mafu*. Mwezi siuachii hesabu za kompyuta peke yake. Kila mwezi unapoandama naingiza mwenyewe, kwa sababu tunafuata kuonekana kwake, na kompyuta haipandi darini kutazama. Yule kijana wa boti nilimwonyesha kabla ya wote. Alisoma mwezi, akatazama juu, akaondoka.

15 Februari: Mizani

Nimeongeza eneo la mashairi bila kutarajia mengi, na limekuwa la pili baada ya *Maji*. Mtu anatoa ubeti asubuhi, hadi Magharibi amejibiwa na watatu.

Skrini nimeipanga kwa safu 40, maana safu 80 za jadi zikibanwa kwenye simu hazisomeki. Mshororo wa shairi ni mizani 16, na ukiuandika ukawa kama huu:

`Baraza letu la mji, lakaa pwani ya Lamu`

una herufi 39 pamoja na nafasi. Unaenea kwa upana wa unywele. Lakini mtu akijibu, programu hutanguliza alama ya kunukuu yenye herufi 3, mshororo unakuwa 42, na *Lamu* inaporomoka mstari wa chini. Kina cha mwisho kinakatwa kwenye kila jibu. Washairi walilalamika, kwa haki kabisa, kina kikiwa peke yake chini huonekana kama kosa la mtunzi.

Nilianza kuchezea urefu wa mistari ndani ya programu, nikapoteza siku mbili. Aliyenitoa ni mtunzi mmoja aliyeamua tu kuandika kila kipande mstari wake, ukwapi peke yake na utao peke yake chini yake. Mizani minane haizidi herufi 20 na kidogo, inanukuliwa hata mara tano bila kuvunjika. Wengine wakamfuata. Programu nimeirudisha ilivyokuwa.

1 Machi: Matondoni

Hatua ya pili: ubao wa pili Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, kwa mafundi wa majahazi. Laputopu kuukuu nilipewa bure. Hakuna waya wala mnara kati yetu, na sihitaji. Tom Jennings alipoanzisha FidoNet mwaka 1984, bao zilipigiana simu usiku gharama ikiwa chini, zikabadilishana mafurushi ya barua na kukata. Mtandao huo ulienea mpaka Afrika ikapewa kanda yake, namba 5. Mimi natumia umbo jingine la furushi la enzi hizo, QWK, ambalo Synchronet inalifahamu vyema. Furushi liko kwenye flash (mbili, KSh 700 kila moja), na linapanda punda na kijana anayekwenda Matondoni kila asubuhi.

Kitambulisho cha QWK hakizidi herufi 8, na *Matondoni* ni 9. Sikutaka kulikata jina la mji wa watu, kwa hiyo kule panaitwa DAU. Furushi la majibu linalorudi lazima libebe jina la ubao mkuu, LANGONI.REP, nililiita DAU.REP siku mbili za kwanza na halikupokelewa.

Kosa lililoumiza lilikuja siku ya tatu. Tanzia iliandikwa kwetu na kichwa chake: *Mazishi baada ya Alasiri, Langoni*. Umbo la asili la QWK linaruhusu kichwa cha herufi 25. Matondoni kilifika *Mazishi baada ya Alasiri,* na koma ikaning'inia. Mwandishi alitaja mahali kichwani tu, ndani aliandika jina la marehemu na dua. Wazee wawili walitoka Matondoni kwa miguu, wakaenda msikiti mwingine, wakakosa kusalia jeneza.

Dawa ilikuwepo na mimi sikuiwasha: faili la HEADERS.DAT, ambalo Synchronet huliweka ndani ya furushi kubeba vichwa virefu kama vilivyo. Ni chaguo la kuwashwa pande zote mbili. Pia fomu ya tanzia sasa ina maswali yake, nani, wapi, baada ya sala gani, na haihifadhiki likikosekana moja. Wazee wale nimewaendea mwenyewe.

16 Machi: Hali ilivyo

Gharama mpaka sasa ni KSh 22,300, laputopu ya bure haimo. Majina yaliyosajiliwa ni 61, na wanaoingia kila siku ni kama 20.

Lililobaki mezani: mzee mmoja mtunzi huandika kwa khati za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni, na CP437 haina herufi hata moja ya hizo. Kwa sasa mpwa wangu hupiga picha karatasi yake na kuiweka eneo la mafaili, kisha anachapa herufi za Kilatini chini ya macho ya mzee mwenyewe. Jana walikaa tangu Alasiri hadi Magharibi kwa beti nne, mzee akirekebisha. Uwezo wa Synchronet kwa UTF-8 nauchunguza, ila kuandika kutoka kulia kwenda kushoto ndani ya skrini ya safu 40 bado kunanishinda. Furushi la kesho liko tayari kwenye flash, na punda anaondoka saa moja asubuhi.